Kabla ya kuziba jino, lazima kuliosha

Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, asubuhi, mu Likasi. Tulikuwa tumekaa pa benchi ya munganga wa meno pamoja na watu saba au nane, kila mtu na mkono wake pa shavu. Baba mmoja akaingia. Shavu lake la kuume lilikuwa limevimba, na bibi yake alikuwa amemfunga kichwa na kitambaa sawa mtoto. Hakuuliza nani njo wa mwisho. Alipita moja kwa moja mpaka mlangoni, akasema: "Mama munganga, unitoshee hii lino. Feza njo hii. Mi nataka kurudia ku kazi leo leo."

Pa benchi hakuna mtu aliyekasirika. Maumivu ya jino kila mtu anayajua, na mwenye kuumwa kushinda wote anapita mbele.

Munganga ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Alimketisha, akamtazama kinywani, akampiga picha ya radio. Kiisha akamwonyesha ile picha pa mwanga wa dirisha. Jino la nyuma, la chini. Limetoboka, kweli, na pa ncha ya mzizi kuna kivuli cheusi: ni fasi ya usaha. Lakini mizizi yenyewe ni imara, na mfupa unaoishika ungali mzuri. Jino lile linaweza kubaki kinywani miaka mingi, kama mwenyewe akikubali kurudi mara mbili tena.

"Mara tatu juu ya lino moja? Na utafanya nini mara tatu?"

"Nitaliosha, baba."

Mlango ulikuwa wazi, na watu wa pa benchi walicheka. Sisi pia tulicheka. Kuosha jino! Kila asubuhi tunaosha meno, na hatulipi mtu. Lakini baba yule alikuwa amechoka na ubishi kama vile alivyochoka na maumivu, akakubali. Tukaomba ruhusa ya kusimama pembeni. Akaitika: heri kuwe mtu wa kumshika miguu. Anachimba kwa mkono upande wa Kambove, anashuka mu galeri bila kuogopa, lakini sindano ya munganga anaiogopa. Habari tunayowaandikia leo ni ile tuliyoona mu chumba kile, na yale tuliyouliza na kusoma kiisha.

Kwanza mjue jino ni kitu gani. Wengi tunafikiri ni jiwe. Juu ni jiwe kweli, tena gumu kupita mfupa. Lakini ndani kuna chumba, na toka chumba kile njia nyembamba zinashuka mu mizizi mpaka mu mfupa wa taya. Humo mnapita nyama laini, damu, na ule mshipa wa maumivu tunaouita "nerfu". Jino la mbele mara nyingi lina njia moja. La nyuma la chini lina tatu, pengine nne. Urefu, toka juu ya jino mpaka ncha ya mzizi, ni sentimita mbili hivi. Upana kule chini kabisa hauzidi sana robo ya milimita. Uzi wa kushonea nguo ungepita kwa shida.

Tena njia hizo hazinyooki. Zinapinda, zinagawanyika, zinaungana, zinatoa matawi madogo pembeni. Mwenye kuchimba anaelewa hii upesi kupita mtu mwingine. Unafuata mshipa wa jiwe, unafikiri ni mmoja. Mbele kidogo unapasuka mara mbili, mmoja unaingia fasi ambapo hata mkono hauingii. Baramina inafanya kazi yake pa galeri kubwa. Mu nyufa haifiki.

Jino linapotoboka na tundu likafika mu chumba kile, vidudu vya mate vinaingia. Nyama ya ndani inavimba, na kwa kuwa imefungwa mu jiwe haina fasi ya kuvimbia. Njo maana ya maumivu yale ya usiku yanayofanya mtu mzima alie. Kiisha siku moja maumivu yanakatika. Mtu anashukuru Mungu, anasema amepona. Haiko vile. Nyama imekufa, mshipa umekufa nayo, na sasa kuna nyama iliyooza mu jino, na vidudu vinakula pale bila mtu wa kuvifukuza. Vikishiba mu jino vinatoka kwa ncha ya mzizi kuingia mu mfupa. Siku ile njo shavu linavimba.

Hapa tuseme neno juu ya vidonge, kwa kuwa mu nyumba nyingi za wachimbaji vidonge njo munganga wa kwanza. Shavu likivimba, mtoto anatumwa ku farmasi kununua amoksisilini, mbili tatu, kwa rejareja. Uvimbe unashuka, mtu anarudia ku kazi. Kiisha miezi miwili uvimbe unarudi. Juu ya nini? Kwa sababu dawa ya kumeza inasafiri mu damu, na jino lililokufa ndani halina tena damu. Dawa inafika mpaka mlangoni, pa mfupa, inapigana na vidudu vilivyotoka. Wale waliobaki mu jino haiwagusi. Munganga anaweza kukupa vidonge pamoja na kazi yake, kama kuna homa au uvimbe unaotembea. Lakini vidonge peke yake ni kama kufukuza moshi na kuacha moto.

Kwamba vidudu njo wenye kosa, na si tundu lenyewe, ilihakikishwa kwa wazi huko Marekani mu mwaka 1965. Wanganga watatu, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka nyama ya ndani ikaonekana, wakayaacha wazi. Panya wa kawaida, nyama ya meno yao ilikufa na usaha ukaja. Wengine walilelewa fasi safi kabisa, hawana kidudu hata kimoja katika mwili. Hao pia meno yao yalikaa wazi, chakula kikaingia mu matundu, lakini nyama haikufa. Jino likaanza kujifunga lenyewe. Toka pale haikuwa tena mambo ya kubishana: ukitaka kuponyesha jino, toa vidudu.

Turudi mu chumba. Sindano ilipigwa (baba alishika mikono ya kiti, hakupiga teke), na midomo yake ikalala. Munganga akachukua kipande cha mpira, kama puto lililokatwa, akakitoboa tundu moja, akakivalisha juu ya jino na kukivuta mu kachuma kadogo. Jino peke yake likabaki nje, ulimi na mate vikabaki nyuma ya mpira. Wanganga wanauita "digi". Ulianza mu New York mu mwaka 1864, mwenye kuufikiri ni munganga wa meno Sanford Barnum, aliyechoka kuona mate yakirudi kila mara mu jino alilokwisha kukausha. Sisi tulidhani ni mapambo tu. Munganga akatujibu bila kugeuka: mate ni vidudu, tena dawa nitakayomwaga haifai kushuka mu koo la mtu.

Kiisha akafungua jino kwa juu. Harufu iliyotoka hatutaiandika. Baba mwenyewe aliisikia, akafunga macho kwa haya, na munganga akamwambia usione haya, baba, si wewe unayenuka, ni yule mgeni.

Alichukua sindano fulani nyembamba zenye meno kama tupa, akazishusha kwa vidole mu kila njia, akazipima urefu, akapiga radio tena kuona kama zimefika chini. Tulifikiri hapo njo kazi yenyewe: kukwangua. Lakini kila alipotoa tupa moja, kabla ya kuingiza ingine, alichukua sirenge na kumwaga mayi. Tupa, mayi. Tupa, mayi. Msaidizi anavuta mayi machafu na kamrija. Tulihesabu mpaka mara kumi na mbili, tukaacha kuhesabu.

Na ile mayi ilikuwa na harufu tunayoijua sisi wote. Baba hakuweza kusema juu ya mpira, lakini alifungua macho, akatutazama. Sisi tukauliza kwa ajili yake: "Mama munganga, haiko Javel hii?"

"Njo yenyewe. Ndugu yake."

Ndiyo, wasomaji wetu. Dawa wanganga wa meno wanayoosha nayo ndani ya jino, katika dunia nzima, kwa jina lao ni ipokloriti ya sodiamu, na ni mtoto wa nyumba moja na mayi ya Javel ambayo mama anafulia mashati meupe, na klorini tunayotia mu mayi ya kunywa wakati wa kolera. Tofauti ni nguvu na usafi. Ya munganga imepimwa: wengine wanatumia ya nusu kwa mia, wengine mpaka tano au sita kwa mia. Haina manukato wala rangi. Inakaa mu chupa nyeusi, fasi ya baridi, kwa sababu jua na joto vinaiua. Chupa iliyokaa pa dirisha mu Likasi mwezi mzima inapoteza nguvu yake.

Kwa nini hiyo na si nyingine? Kwa sababu inafanya kazi mbili pamoja. Inaua vidudu, na inayeyusha nyama iliyooza. Dawa nyingi zinaua. Zinazoyeyusha ni chache. Na kumbukeni zile nyufa. Watu waliopima meno kwa mashine za radio za kisasa waliona kwamba tupa, hata mu mikono mizuri, zinaacha theluthi moja ya kuta za njia bila kuzigusa, pengine zaidi. Theluthi moja! Chuma hakifiki. Mayi njo yanafika. Wale wanaofanya kazi mu viwanda vya Shituru au Luilu wanajua: shaba iliyo mu jiwe hutoi kwa nyundo peke yake. Unasaga, kiisha unamwaga asidi iingie fasi nyundo haiwezi. Tupa inafungua njia ili dawa ipite. Mwenye kusema tupa ndiyo inasafisha jino, na mayi ni ya kutoa vumbi tu, amegeuza mambo.

Historia ya hii dawa ni ya vita. Jina Javel ni la kijiji kilichokuwa pembeni ya Paris, kule munganga wa elimu ya kemia Berthollet alipotengeneza ile mayi mwishoni mwa miaka ya 1780 juu ya kufanya vitambaa kuwa vyeupe. Kwa muda mrefu ilibaki kazi ya nguo. Mu vita ya 1914, askari wengi walikufa kwa vidonda vilivyooza. Mu lupitali ya Compiègne, Ufaransa, Mwingereza Dakin na Mfaransa Carrel waliipunguza dawa mpaka nusu kwa mia, isichome nyama nzima, wakatia mirija ya mpira mu vidonda na kuvimwagia kila saa mbili, mchana na usiku. Hawakupaka. Waliosha, wakaosha tena. Mu mwaka 1920 munganga wa meno wa Marekani, Crane, alitangaza kutumia mayi ya Dakin mu njia za jino. Toka pale mpaka leo hakuna dawa iliyoitosha pa kiti chake.

Tukirudi pa sirenge, tuliona mambo mawili ambayo mwenye kukaa pa kiti hawezi kuyaona. Sindano ya kuoshea haina tundu pa ncha. Ncha imefungwa na tundu liko kwa ubavu. Na munganga hakuikaza mu njia hata mara moja: aliishusha, akairudisha kidogo, akasukuma polepole na kidole, huku anaichezesha juu na chini. Tulimuuliza kwa nini hasukumi kwa nguvu ili iishe upesi. Akasema: mayi yakikosa njia ya kurudi juu yatatoka kwa ncha ya mzizi, yaingie mu nyama ya mtu. Tulisoma kiisha juu ya ajali ya namna ile. Maumivu yanakuja ghafula, kama moto, hata kama sindano ya kulaza ilipigwa. Shavu linavimba mbele ya macho, linageuka rangi nyeusi sawa mtu aliyepigwa ngumi. Mara nyingi inapona kwa majuma machache, lakini hakuna atakayeisahau. Basi ukisikia moto wa namna hii pa kiti, usivumilie juu ya kuonyesha ushujaa. Inua mkono.

Jambo la pili ni hewa. Njia ya jino ni galeri yenye mlango mmoja. Kule mwisho hewa inanaswa, na mayi hayafiki pale hewa iko. Mayi yanayotoka mu sindano hayaendi mbele ya ncha yake kupita milimita mbili tatu. Kwa hiyo sindano inashushwa karibu na mwisho, lakini si mpaka mwisho, na dawa inatikiswa. Wengine wana mashine inayotetemesha mayi kwa mlio usiosikika. Mama yetu hana, anatumia tupa ndogo kuyapiga-piga. Anachukua muda zaidi. Dawa inachoka inapokula uchafu, kwa hiyo lazima ibadilishwe na mpya kila mara. Kuosha jino moja la nyuma kunaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Wenye kulalamika kwamba munganga anachelewesha watu pa benchi, na sisi tulikuwa kati yao, sasa mnajua anafanya nini.

Siku ile ya kwanza hakuziba kwa kweli. Alipomaliza kuosha, alikausha na vijiti vya karatasi, akaweka mu njia uji mweupe. Ni chokaa, jamani. Chokaa iliyozimwa na mayi, ndugu ya ile inayotoka Kakontwe, lakini safi, ya lupitali. Ukali wake unaendelea kuua vidudu vilivyobaki wakati mtu yuko ku nyumba. Juu yake akaweka kizibo cha muda. "Baba, hii si mwisho. Utarudi siku ya tano ya juma lijalo. Maumivu yataisha leo, na utasema umepona. Usiniamini mimi, amini ile picha."

Na hapa njo penye shida yetu yote, ndugu wachimbaji. Maumivu yanaisha. Mtu anarudi mu shimo, anapata mfuko mmoja, miwili, siku ya munganga inapita. Kizibo cha muda kinakula siku zake, kiisha kinapasuka kwa mfupa wa nyama ya mbuzi. Mate yanaingia, vidudu vinarudi mu nyumba iliyofagiwa, na munganga anapaswa kuanza upya. Au jino linavunjika kabisa. Mama munganga alitufungulia kabati lake: kadi za watu waliokuja mara ya kwanza na hawakurudi zimejaa mu boksi la viatu. Hakutuambia idadi, hatukuuliza. Tuliona boksi.

Hatusemi ni uvivu. Mwenye kuchimba kwa mkono, siku asiyochimba hali. Mwenye mkataba anaogopa mkubwa wa kazi, kwa sababu kuomba ruhusa mara tatu juu ya jino kunaonekana mchezo. Mmoja kati yetu alifanya kazi zamani mu kompani moja, hatutaitaja, ambapo munganga alikuwa na dawa moja tu ya jino: koleo. Ulikuja asubuhi, ulirudi saa nne, jino mu mfuko. Ilikuwa haraka, na ilikuwa bei ndogo. Leo ndugu yetu anatafuna upande mmoja, na nyama ya kuchoma bibi yake anamkatia vipande vidogo. Kutosha jino si dhambi; kuna meno ambayo mizizi imekwisha kupasuka, au mfupa umeliwa wote, na munganga mwenye haki atakuambia litoke. Na kuosha na kuziba vizuri kunalipishwa kupita kutosha, hii hatuifichi. Lakini hesabu ile isifanywe usiku wa maumivu. Siku ile kila mtu atauza hata taya nzima. Mama wa nyumba mara nyingi njo mwenye kushika feza. Aulize bei yote kwa mara tatu toka siku ya kwanza, aombe kulipa kidogo kidogo. Wanganga wengi wanakubali, kwa kuwa hawapendi kufanya nusu ya kazi.

Kama umepata munganga, una haki ya kumuuliza. Utavalisha jino mpira? Utaosha na nini? Utapiga radio mwishoni tuone kama kizibo kimefika chini? Mwenye kujua kazi yake hachukii maswali haya. Mwenye kutoboa, kutia pamba yenye dawa na kuziba mu robo saa, bila kuosha, amefunga uchafu ndani, na utamwona tena.

Neno moja kali juu ya Javel, kwa sababu tunajijua. Tukisema munganga anatumia ndugu ya Javel, kuna mtu atasoma nusu ya habari, atatia pamba mu chupa ya nyumba na kuiweka mu jino. Usifanye. Haitafika mu mizizi, kwa kuwa njia haijafunguliwa, lakini itachoma fizi, ulimi na koo. Ile ya sokoni mara nyingi ina vitu vingine, na nguvu yake hujui. Asidi ya batri, ambayo tulikwisha kusikia watu wakiitia mu meno, ni mbaya zaidi: inakula jino, inakula taya. Na Javel yenyewe isitiwe mu chupa ya limonade. Watoto wanakunywa.

Kwa ndugu wa viwandani tuongeze kidogo. Mu vyumba vya umeme, kule shaba inatolewa mu asidi, hewa ina mvuke unaochoma pua. Mvuke ule unakula pia meno ya mbele, polepole, kwa wale wanaofanya kazi kinywa wazi. Jino linakuwa fupi na jembamba, linasikia baridi, na njia ya ndani inakaribia. Vaa kifuniko cha uso, suuza kinywa na mayi mazuri ukitoka, usipige mswaki papo hapo kwa kuwa juu ya jino pamelainika. Ngoja nusu saa. Mwonyeshe munganga mapema.

Na wote, wa shimo na wa kiwanda, mjue alama za hatari. Uvimbe ukishuka mu shingo, au chini ya ulimi ukiwa mgumu na ulimi umeinuka, kumeza kunakuwa shida, sauti inabadilika, homa inapanda: usingoje asubuhi, usingoje feza ya mwisho wa mwezi. Ni lupitali usiku ule ule. Usaha wa jino la chini unaweza kufunga njia ya pumzi, na mtu mzima mwenye nguvu anakufa kwa jino.

Baba yetu wa Kambove alirudi? Tulikwenda siku ya tano ya juma lile kuangalia, maana tulikuwa tumebishana mu ofisi. Saa mbili hayupo. Saa tatu hayupo. Mama munganga aliita wengine. Karibu saa tano akafika, vumbi mpaka mu nyusi, shavu limeshuka, bila kitambaa. Alikuja juu ya pikipiki toka ku shimo, na anataka kurudi kabla ya mchana. "Bibi yangu njo amenituma," alisema, "mimi nilikuwa nimesahau, haiumi tena."

Alioshwa tena. Safari hii hapakutoka harufu. Mwishoni munganga alibadilisha sirenge, akamwaga mayi mengine kwa dakika moja hivi: yanaitwa E.D.T.A., kazi yake ni kutoa unga wa jino ambao tupa zilipaka pa kuta na kuziba nyufa. Kiisha akarudisha dawa ya kwanza, ipite mu nyufa zilizofunguka. Akakausha na vijiti vya karatasi, kimoja kimoja, akivitazama pa mwanga. Vya kwanza vilitoka vimelowa. Cha mwisho alituonyesha: kikavu, cheupe, bila alama ya damu wala ya usaha. Lakini pa njia moja, ile ya nyuma, ncha ya karatasi ilikuwa na kajimaji kadogo ka manjano.

Hakuziba. Akarudisha chokaa na kizibo cha muda.

"Mama, ulisema mara tatu!"

"Nilisema mara tatu, na leo ni ya pili. Utarudi."

Baba alitazama pikipiki yake kupitia dirisha, akatutazama sisi, akapangusa midomo yake iliyolala. Kiisha akauliza kama juma lijalo anaweza kuja siku ya sita, kwa kuwa siku ya tano wanapima mifuko. Munganga akaandika siku ya sita.